Chungu cha Taifa na Kuku wa Ikulu

Hesabu naijua mimi, msinione hivi. Darasa la saba nilimaliza nikiwa wa kwanza shule nzima: kengele ilipolia, wa kwanza kufika getini nilikuwa mimi. Kwa hiyo habari hii ya Chungu cha Taifa ni ya kuaminika kuanzia mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale penye namba.

Palikuwa na nchi, jina lake nimelisahau makusudi. Ilikuwa nchi nzuri, ina mto, ina reli inayofika nusu ya safari, na ina kiongozi aliyeitwa Mtukufu Mlezi, kwa kuwa aliwalea wananchi wake mpaka wakakonda kwa adabu. Wananchi nao walimpenda. Si wote. Walimpenda tisini na tatu katika kila mia. Kila mwisho wa mwezi redio ilitangaza hivyo. Mwezi wa mafuriko, tisini na tatu. Mwezi wa ukame, tisini na tatu. Mwezi ule daraja jipya lilipoanguka siku ya kuzinduliwa, tisini na tatu vilevile, na waliokuwa juu ya daraja wakahesabiwa miongoni mwa wapendao.

Kwa nini isiwe mia? Mlezi mwenyewe alikataa, kwa unyenyekevu wake. "Mia ni uongo," alisema. "Hata nyumbani kwangu kuna paka asiyenipenda." Basi wakatafutwa watu saba wa kutopenda, wakapewa kazi ya kudumu, wakaitwa Wasiopenda Rasmi. Kila mwezi waliitwa ofisini, wakanyweshwa chai na maandazi, wakaulizwa. Walijibu, "Hatumpendi, samahani," wakaweka sahihi, wakarudi kwao. Mmoja alipofariki na nafasi yake kutangazwa, foleni ya waombaji ilianzia Ikulu ikaishia ng'ambo ya soko. Serikali ikafurahi kuona watu wanavyopenda kazi.

Aliyesimamia mambo hayo alikuwa Bwana Hemedi Pazi, Mkurugenzi wa Idara ya Maoni ya Wananchi, mtu mpole mwenye kitambi cha wastani. Idara yake ilikaa katika ghala la zamani la ushirika, ukuta kwa ukuta na Ikulu, na bado lilinuka pumba. Bwana Pazi alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: akae barazani kwake, avue viatu, asiulizwe kitu.

Na alikuwa na hofu moja tu, Kisima Kikavu. Kisima Kikavu kilikuwa Kituo cha Tafakuri, huko nyikani ambako hata mbu hupita kwa haraka. Wakubwa waliokosea walipelekwa huko wakafikiri. Mkurugenzi aliyemtangulia Bwana Pazi alipelekwa kwa sababu mwezi mmoja alitangaza tisini na mbili. Hakuwa na nia mbaya, miwani yake ilikuwa kwa fundi. Mpaka leo anafikiri.

*

Mambo yalianza na mpira. Nchi ile ilitaka kuandaa Kombe la Ujirani. Uwanja ulikuwa tayari, na mlangoni pake palikuwa na sanamu ya Mlezi ameushika mpira kwa mikono miwili. Wachezaji walipouliza mbona anashika, waliambiwa Mlezi hana faulo. Lakini Muungano wa Nchi Jirani haukumpa mwenyeji kombe bila cheti cha ukweli, maana mwenyeji wa mara ya mwisho alikuwa akijitangazia mabao redioni kabla mechi haijaanza. Akatumwa mkaguzi, Bi Atupele Mwasongwe, mama mfupi mwenye kicheko cha puani. Alimkuta Bwana Pazi ghalani, anakula makande.

"Karibu, bibi. Makande haya."

"Nimeshiba, kaka yangu. Nina swali tu. Hii namba yenu ina ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa wowote. Haijaugua hata siku moja."

"Ndicho kinachonitisha. Namba iliyo hai hupumua, kaka. Hii yenu imelala chali miaka yote hiyo. Kwetu sisi tukiona kitu hakipumui, tunatafuta sanda."

Bwana Pazi alitafuna kwanza. "Labda mapenzi yametulia, bibi. Hayapandi wala hayashuki."

"Mapenzi yatulie, sawa. Lakini hamuulizi nchi nzima, mnauliza watu mia. Mwezi huu mia hawa, mwezi ujao mia wale. Haiwezekani kila mia wakatoka pacha. Tazama sahani yako. Jana mkeo alikupakulia maharage mangapi?"

"Jana?" Bwana Pazi aliguna kama mtu aliyeguswa kidonda. "Jana yalikuwa mahindi matupu. Nilimuuliza, Mama Shani, maharage ya nyumba hii unampa nani? Tukalala mgongo kwa mgongo. Leo ndiyo haya, unayaona mwenyewe, yamejaa."

"Na chungu kilikuwa kingine?"

"Kile kile. Alipika jana kwa siku mbili."

"Basi mkeo ana kosa gani? Chungu ni kile kile, ndivyo upawa ulivyochota."

Bwana Pazi aliacha kutafuna. Alitazama sahani, akamtazama mkaguzi, akatazama sahani tena. "Kumbe nimemnunia mtu bure," alisema.

"Wengi hununiwa bure," Bi Atupele alisema, akachukua mkoba wake. "Nitarudi Siku ya Mlezi. Mpime mapenzi hadharani, mbele yangu. Namba ikipumua kama namba hai, kombe ni lenu. Isipopumua, hamna. Na ikipumua kupita kiasi, kaka, hiyo nayo ni homa."

*

Ikulu ya nchi ile ilikuwa na kuku. Hawakuwa kuku wa kuliwa, walikuwa wa kuheshimiwa. Mlezi aliwaleta kutoka kijijini kwao, na alipoona watumishi wanawafukuza kwenye mazulia, alitunga Sheria ya Staha kwa Kuku. Yeyote atakayemwambia kuku wa Ikulu "ish", au kumpungia mkono kwa nia ya "ish", au kumtazama kwa jicho lenye "ish" ndani yake, safari yake ni Kisima Kikavu, awe mkubwa awe mdogo, hata Mlezi mwenyewe. Hilo la mwisho aliliongeza ili watu wampigie makofi, na walipiga. Tangu hapo kuku walitaga kwenye trei za barua, na Baraza la Mawaziri lilisubiri mtetea ainuke juu ya faili ndipo shauri liendelee.

Bwana Pazi alipofika mbele ya Mlezi, jogoo mmoja mweupe, mwenye upanga wa kichwani ulioangukia jicho, alimwendea moja kwa moja akajifuta mdomo kwenye kiatu chake, huku na huku, kama anayenoa kisu. Bwana Pazi alimtabasamia kwa staha.

"Namba ipumue," Mlezi alirudia. "Namba hupumuaje, Bwana Pazi?"

"Inapanda na kushuka, Mtukufu."

"Kupanda nimeelewa. Hilo la pili sema tena."

"Inashuka, Mtukufu. Kidogo."

Pembeni aliketi Waziri wa Utulivu, Bi Perpetua Ng'wandu, mama mrefu aliyesema polepole kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkatiza. Aliinua kichwa.

"Anayeishusha ni nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Ni upawa."

"Upawa wa nani?" Na akatoa kalamu.

Ilimchukua Bwana Pazi muda mrefu kuwaeleza habari ya makande. Mlezi alisikiliza vizuri, kwa sababu alipenda makande. Mwishowe akaamuru kifinyangwe Chungu cha Taifa, kikubwa kiasi cha mtu mzima kujificha ndani. Kijazwe maharage mekundu, ndio wapendao, na mahindi meupe, ndio wasiopenda. Katika kila punje mia, maharage tisini na tatu, mahindi saba. Kichongwe Upawa wa Taifa wa kuchota punje mia, na watu waanze kuchota, kumwaga kwenye ungo, kuhesabu, kurudisha, kukoroga na kuchota tena, ili ijulikane mapema namba itapumua vipi siku yenyewe.

Chungu kilipokuwa tayari, Mlezi alikuja ghalani kukitazama. Alichungulia ndani kwa muda, akaguswa.

"Nimewapenda wananchi hawa," alisema. "Wametulia. Hawaombi barabara." Na hapo hapo akaamua kwamba watu wenyewe hakuna haja tena ya kuwasumbua kwa maswali. Chungu kinatosha.

*

Mazoezi yakaanza, na redio ikaletwa itangaze.

Upawa wa kwanza ulitoa tisini na tano. Redio ikasema mapenzi yamepanda kufuatia hotuba ya Mtukufu juu ya umuhimu wa hotuba. Shule zikafungwa watoto washangilie.

Upawa wa pili, tisini na moja. Wachambuzi wakaketi kwenye meza ya duara, wakachambua mpaka wakaipata sababu: wananchi wamekasirishwa na bei ya dagaa. Waziri wa Samaki alikuwa njiani kwenda Kisima Kikavu kabla ya adhuhuri, bado ana leso ya chakula shingoni. Upawa wa tatu ukatoa tisini na nne, redio ikampongeza Waziri mpya wa Samaki kwa hatua zake za haraka. Waziri mpya wakati huo alikuwa anauliza watu ofisi yake iko wapi.

Upawa wa nne ulitoa themanini na tisa. Safari hii walimtazama mchotaji, wakagundua ni shoto. Ikatungwa kanuni.

Bwana Pazi alichukua chaki. Kila upawa ulipohesabiwa alitia alama moja ukutani juu ya namba yake, akaendelea hivyo juma zima, redio ikisema yake na yeye akichora yake. Na ukuta ukaanza kusema. Alama zilirundikana katikati, kwenye tisini na mbili, tisini na tatu, tisini na nne, kama watu kwenye ngoma. Pembeni zikapungua. Mbali kabisa ikabaki moja hapa, moja kule, kama wale wasioalikwa wanaochungulia uani. Chini ya themanini na tano haikuwako hata moja. Pawa ziliyumba, ndiyo, lakini ziliyumba kwa adabu. Na chungu hakikubadilika kitu, si kwa hotuba, si kwa dagaa.

Mama Shani alimletea chakula, akamkuta mumewe ameketi juu ya gunia anautazama ukuta na kucheka peke yake.

"Baba Shani, umeanza lini?"

"Kaa hapa, Mama Shani. Nataka kukuomba radhi. Yale maharage."

"Yapi? Umeninunia kwa maharage mara nyingi."

"Yote. Hukufanya kitu. Ulichota tu."

Mama Shani alimtazama vizuri, kama anayetazama noti ngeni. "Kwa hiyo miaka yote hiyo ulikuwa unaninunia kwa hesabu."

"Kwa kutojua hesabu."

"Na Waziri wa Samaki?"

Kicheko kikamkauka Bwana Pazi. "Yule naye ni upawa tu," alisema.

"Basi kawaambie."

"Nikamwambie nani?"

"Wenye Waziri wao. Mimi umeniomba radhi na hata sikufungwa."

Yule mama alikuwa na namna ya kufunika bakuli iliyomfanya mtu ajione amekosa. Bwana Pazi akaenda.

*

Alieleza vizuri siku ile, kuliko siku zote za maisha yake. Alieleza ukuta, ngoma, na wasioalikwa. Akamaliza akasema, "Kwa hiyo, Mtukufu, iliposhuka hakuna aliyefanya kosa."

Mlezi alitafakari. Alikuwa mlezi, lakini mjinga hakuwa.

"Kama iliposhuka hakuna aliyefanya kosa," aliuliza, "je, ilipopanda, mimi nilifanya nini?"

Jibu la kweli lilikuwa tayari mdomoni mwa Bwana Pazi, limeshavaa viatu. Jogoo mweupe akaja akasimama juu ya mguu wake. Waziri wa Utulivu akafungua kalamu.

"Ulihutubia, Mtukufu," alisema Bwana Pazi.

"Nilijua," alisema Mlezi. "Sasa sikiliza. Siku ya Mlezi nitachota mwenyewe. Mkono wangu hauyumbi. Ikitoka tisini au zaidi, tumepata kombe na wewe unastaafu kwa heshima. Ikitoka chini ya tisini, mkono utakuwa hauna kosa. Kosa litakuwa la chungu. Na chungu ni chako."

Bwana Pazi alirudi ghalani akahesabu alama zilizo chini ya tisini. Zilikuwa kama moja katika kila kumi. Moja katika kumi si nyingi, ikiwa anayezungumziwa ni mwenzako. Alikaa juu ya gunia lake akaliona baraza lake, na viatu vimevuliwa, na mtu mwingine amelikalia. Kisha akatazama mlangoni, akapenyeza mkono ndani ya chungu, akachambua mahindi kadiri ya kujaza kofia. Akakoroga. Sasa kitakuwa salama kidogo, akajisemea, nchi haiwezi kuharibikiwa kwa kofia moja.

Kesho yake upawa ukatoa mia. Wakakoroga wakachota tena. Mia. Mara ya tatu, mia, na wote waliokuwa ghalani wakaanza kutazama dari. Ikajulikana, kwa kutotazamana huko, kwamba mlinzi alitoa mahindi kwa sababu za ulinzi, mchotaji mpya alitoa ili asije akaonekana shoto, na Waziri wa Utulivu alimtuma mtu na kikapu kwa sababu za utulivu. Hakukuwa na punje nyeupe hata moja nchi nzima.

"Mia haipumui," Bi Perpetua alisema polepole. "Mkaguzi atacheka, kombe litakwenda kwa wengine, na Mtukufu atauliza nani." Alifikiri. Kufikiri kwake kulitoa waraka: kila mtumishi mwaminifu, kwa siri na bila kumwambia mwenzake, achangie Pumzi ya Taifa. Alete mahindi, atie chunguni, aende zake. Baada ya hapo chungu kitafungwa kwa kitambaa na muhuri wa lakiri mpaka Siku ya Mlezi.

Bwana Pazi alikuwa wa kwanza. Alirudisha kofia yake, punje zile zile alizozitoa, kisha akaenda kwa kinyozi kunyolewa kwa ajili ya sherehe. Kinyozi alikuwa na maneno mengi. Aliporudi jioni alikuta kitambaa kimeshapigwa lakiri, nacho kimetuna katikati kama tumbo la aliyeshiba pilau la bure.

"Waliongeza akina nani?" alimuuliza mlinzi.

"Kila mtu, mzee. Hazina walikuja, kwaya ya Ikulu ilikuja, bendi ya polisi ilikuja na ngoma imejaa. Wale saba, Wasiopenda Rasmi, walikuja na gunia. Wamesema ndiyo kazi yao."

"Walitia kiasi gani?"

"Kila mtu kwa uaminifu wake."

Bwana Pazi aliigusa lakiri kwa kidole. Ilikuwa imeshakauka.

*

Siku ya Mlezi uwanja ulijaa. Watu walikuja kwa hiari, kwa malori. Walikuwa wakulima wengi, kwa kuwa nchi ile ilikuwa na wakulima na mawaziri tu. Mbele ya jukwaa kuku wa Ikulu walitembea katika uwazi waliotengewa, na nyuma ya kamba wanawake waliketi, Mama Shani akiwa wa tatu kutoka mwisho, bakuli mapajani. Bi Atupele Mwasongwe aliwekwa kiti karibu na chungu.

"Na watu mtawauliza saa ngapi?" aliuliza.

"Watu wamo ndani," alisema Waziri wa Utulivu, akionyesha chungu.

Bi Atupele alikitazama chungu, akautazama uwanja, akatoa kile kicheko chake cha puani. "Haya," alisema. "Tuwaone."

Mlezi alihutubia. Alisema yeye si kitu, ni haragwe tu miongoni mwa maharage. Alisema nchi nyingine zina namba lakini namba zao hazina nchi. Hakuna aliyeelewa, na kwa hiyo makofi yalikuwa marefu. Kisha lakiri ikavunjwa, Mlezi akakunja mkono wa joho, akatia upawa, akachota, akamwaga kwenye ungo.

Bwana Pazi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Hakuhitaji kuhesabu. Mtangulizi wake bila miwani asingehitaji kuhesabu. Ungo ulikuwa mweupe kama umepakwa chokaa, na maharage yamejitenga humo moja moja, kama wageni waliokosea harusi. Na kwa kuwa aliujua ukuta wake, alijua hilo halikuwa kuyumba. Hakuna upawa uliowahi kuyumba hivyo. Ilikuwa homa.

Mlezi alikuwa amegeuka, ameupa umati mgongo, joho limefunika ungo. Midomo yake ilihesabu mpaka mahali fulani ikaacha. Masharubu yalimtetemeka kidogo, na Bwana Pazi, ambaye miaka yote aliyajua masharubu yale yametulia, kama kwenye picha za ukutani, alitazama pembeni kwa aibu. Kisha Mlezi akageuka.

"Tisini na nne," alitangaza. "Imepumua."

Bendi ikapiga. Ngoma moja ililia vibaya, kwa kuwa bado ilikuwa na mahindi ndani.

"Naomba niuone ungo," alisema Bi Atupele.

"Neno la Mtukufu halihesabiwi mara mbili," alisema Waziri wa Utulivu.

"Basi atuambie mwenye chungu." Alimgeukia Bwana Pazi, na sauti yake ilikuwa ya upole tu. "Kaka yangu, wewe ni mtu wa makande. Umesimama hapo. Umeona nini?"

Bwana Pazi alimtazama Mlezi. Alimtazama Waziri, kalamu iko wazi. Alitazama barabara inayokwenda nyikani, imenyooka, haina hata kibao, kwa kuwa wanaoipita hupelekwa. Mwishowe alimtazama Mama Shani, naye Mama Shani alikuwa anafunika bakuli.

"Tisini na nne, bibi," alisema Bwana Pazi. "Kwa macho yangu haya. Maharage matupu, na mahindi sita ya kuonjea."

Mlezi alivuta pumzi ndefu. Ili asije mtu mwingine akapata hamu ya kuhesabu, aliuinua ungo mbele ya wote. "Nawarudisha wananchi kwenye ardhi yao," alisema kwa sauti ya hotuba, na akaumwaga wote chini ya jukwaa.

Kuku wakaja.

Walikuja mbio, mabawa wazi, mitetea, vifaranga, na jogoo mweupe mbele yao wote. Mkono wa Waziri wa Utulivu uliinuka, ukakumbuka, ukajificha mgongoni. Mkuu wa polisi alifumba macho, jicho lake lisije likaonekana lina kitu ndani. Mlezi mwenyewe alifungua mdomo, akavuta "i", akaifunga hapo hapo. Uwanja mzima ukasikiliza midomo ikidonoa: to, to, to, to. Kuku walikula kwa furaha ya kuku waliopata, na chungu kilichotolewa jasho juma zima kilikuwa kinamezwa mbele ya mgeni.

Wakulima ni watu wa adabu. Mmoja alikohoa. Mwingine akajifunika leso. Kikohozi kile kikapita safu kwa safu mpaka nyuma kabisa, ambako kiliacha kujifanya kikohozi.

Kuku walipotulia, mahindi yote yalikuwa yamekwisha. Zilibaki punje nyekundu, moja hapa, moja pale. Mtu angeweza kuzihesabu bila kuinuka kwenye kiti, na Bi Atupele hakuinuka.

"Mkurugenzi," alisema, na safari hii hakusema kaka. "Nchini kwenu kuku hula maharage makavu?"

"Hawa ni wa Ikulu, bibi," alisema Bwana Pazi. "Hula wanachoagizwa."

Jogoo mweupe alikuwa amebakiwa na haragwe moja mbele yake. Aliligeuza kwa jicho hili, akaligeuza kwa jicho lile, akalidonoa, akalitema. Kisha akajifuta mdomo kwenye kiatu cha Mkurugenzi, huku na huku, akaenda zake.